Mlinzi wa Lango la Seva
Katika kambi yoyote, iwe Mukuju au Busia, mgeni hamwendei mkuu wa kikosi moja kwa moja. Husimama langoni, huandikwa, ndipo apelekwe.

Kazi hiyo hufanywa na Nginx, programu iliyotolewa mwaka 2004 na Igor Sysoev wa Urusi. Hupokea maombi kwenye mlango namba 443, ikayafikisha kwa programu ya ndani, tuseme mlango 8080.

Ndugu askari, shikeni mambo mawili. Programu ya ndani, ikiwa katika mashine hiyo hiyo, isikilize anwani 127.0.0.1 tu. Pili, mlinzi aamriwe kupeleka anwani halisi ya mgeni. La sivyo daftari la ndani litamwandika mlinzi peke yake, na mhalifu hatajulikana humo.