Sanduku la bekapu lilijaa wiki ya sita, kazi yangu ikaning'inia

Jumatatu moja saa mbili asubuhi, simu yangu ililia nikiwa bado ndani ya matatu Thika Road.

"Kijana, kompyuta ya bekapu imeandika kwa rangi nyekundu kwamba nafasi imeisha. Si mlituambia hili sanduku litatutosha miaka mitatu?"

Alikuwa meneja wa sacco fulani jijini, jina tuliache.

"Madam, nafika sasa hivi," nikasema. Jibu lingine sikuwa nalo.

Acha nikueleze nilivyofika hapo. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Mambo ya seva nilijifunza kwa kurekebisha mashine za watu mtaani, kisha kwa video, kisha kwa kuharibu zangu mwenyewe. Sacco hiyo ilinipa kandarasi ya miezi mitatu, na kazi ya kwanza ilikuwa kuunganisha programu ya bekapu na sanduku jipya la kuhifadhi data, lile la aina inayoondoa marudio. Aliyeliuza aliahidi kwamba terabaiti 16 zingebeba mzigo wa 160. Wiki sita baadaye zilikuwa zimejaa, na data yote ya sacco haikuzidi terabaiti 4.

Kama nawe umeajiriwa kama "kijana wa IT" mahali, soma hadi mwisho. Kosa nililofanya ni rahisi sana kulifanya, kwa sababu programu nyingi za bekapu huja zikiwa zimeshakuwekea mtego.

Sanduku linafanya nini?

Fikiria bekapu kamili ya kila Jumapili. Kati ya Jumapili moja na nyingine, data iliyobadilika ni kidogo tu. Sanduku la kuondoa marudio hukata data vipande vidogo, kila kipande likakipa alama yake, kama alama ya kidole. Kikija kipande ambacho alama yake ipo tayari, halikihifadhi tena. Linaandika tu, "hiki ninacho," na kusonga mbele.

Wazo hili si la jana. Mwaka wa 2002, Sean Quinlan na Sean Dorward wa Bell Labs walieleza mfumo wao ulioitwa Venti, uliohifadhi kila kipande mara moja tu kwa kutumia alama za namna hiyo. Kufikia 2009 biashara ilikuwa imenoga kiasi kwamba kampuni ya EMC ilinunua Data Domain, waundaji wa masanduku haya, kwa takriban dola bilioni 2.1.

Sasa mtego. Ili sanduku litambue kipande, lazima kije kikiwa na sura ileile kila wiki. Mimi niliacha programu ya bekapu ibane data kwanza ili ipungue, kisha nikawasha usimbaji fiche kwa sababu niliona ni jambo la busara. Yote mawili yanabadilisha sura ya data.

Chukua punje za mahindi na maharagwe. Ukinimwagia gunia la githeri, naweza kukuambia ni punje gani nilishaiona. Ukisaga kila kitu kwanza ndipo uniletee, nitatambua nini? Data ikibanwa, badiliko dogo tu kwenye bloku hugeuza sura ya karibu kila kitu kinachofuata ndani yake. Ikisimbwa, data ileile inaweza kutoka na sura tofauti kila mara. Kwa hivyo kila Jumapili sanduku langu lilipokea terabaiti 2.5 za unga, likadhani zote ni mpya. Mara sita. Piga hesabu mwenyewe.

Kilichonichoma ni kwamba dalili ilikuwa mbele yangu tangu wiki ya pili. Dashibodi ya sanduku huonyesha uwiano wa data iliyoingia na nafasi iliyotumika. Yangu ilisoma 1.1 kwa 1. Sikuwahi kuifungua.

Mipangilio niliyobadilisha

Kwanza, kubana. Zima kwenye programu ya bekapu na uliache sanduku libane lenyewe, baada ya kuondoa marudio. Shida ni mtandao. Terabaiti 4 zisizobanwa kwenye waya wa gigabiti 1 kwa sekunde huchukua kama saa 10. Veeam ina njia ya katikati: data inabanwa safarini, kisha unaweka tiki kwenye mpangilio wa hifadhi ili ibanuliwe kabla ya kuandikwa.

Pili, usimbaji fiche. Usiutupe! Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja miongoni mwa njia za kulinda taarifa za watu, na hapa tunazungumzia akiba za wanachama. Unachofanya ni kuuhamisha: uzime kwenye kazi ya bekapu, uwashe ule wa sanduku lenyewe ili data isimbwe baada ya marudio kuondolewa, na uilinde data ikiwa njiani kwenye mtandao.

Tatu, kuchanganya mikondo. Programu za tangu enzi za tepu, kama NetBackup, zinaweza kusuka data ya seva kadhaa kuwa mkondo mmoja ili tepu isikae ikisubiri. Kwenye tepu ni sawa. Kwenye sanduku la aina hii, mkondo unasukwa tofauti kila siku, marudio yanapotea. Acha kila seva iwe na mkondo wake.

Nne, lugha ya kuongea na sanduku. Mimi niliunganisha kama folda ya kawaida ya mtandao kwa sababu ndiyo niliyoijua. Data Domain ina DD Boost, StoreOnce ya HPE ina Catalyst. Kwa njia hizi, programu inaweza kuuliza kwanza "hiki unacho?" kabla ya kutuma, na vipande vipya tu ndivyo vinavyosafiri. Angalia kama leseni yako inaruhusu.

Usiku wa kufuta

Hapa ndipo jasho lilinitoka. Kubadilisha mipangilio hakurekebishi unga ulioshaingia. Ili nipate nafasi, ilibidi nifute bekapu za zamani. Nikifuta zote halafu seva ife usiku huo, sacco ibaki bila rekodi za watu wake. Nani ataeleza wanachama? Si mimi na kandarasi yangu ya miezi mitatu.

Nikamwambia Madam ukweli: kosa ni langu, na nahitaji pesa za diski ya nje. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nenda ununue. Lakini usifute kitu mpaka unionyeshe nakala inafunguka."

Nilishuka Luthuli Avenue, nikanunua diski, nikanakili bekapu ya mwisho usiku kucha. Asubuhi nilifungua faili kadhaa mbele yake, akaona kwa macho yake. Ndipo nikafuta zile tano za zamani.

Na bado nafasi haikurudi! Karibu nilie. Kumbe kwenye masanduku haya kufuta ni kuondoa maandishi tu. Vipande vyenyewe huondolewa usafishaji unapopita, na kwa kawaida hupangwa mara moja kwa wiki. Niliuanzisha kwa mkono, nikangoja.

Bekapu kamili ya kwanza kwa mipangilio mipya ilikula terabaiti 2.4. Ya pili iliongeza chini ya terabaiti 0.2. Baada ya wiki sita nyingine, uwiano ulikuwa 7 kwa 1. Si kumi tulizoahidiwa, lakini nafasi ilikuwepo tele.

Usishangilie mapema

Kuna mambo mawili ambayo hakuna mtu aliniambia.

La kwanza ni kwamba kurejesha ni polepole. Data imetawanyika vipande vipande, na sanduku lazima liikusanye upya. Nilipojaribu kurejesha seva moja, nilingoja mpaka chai ikapoa. Tangu hapo bekapu za siku chache za karibuni zinakaa kwenye diski za kawaida, na za zamani ndizo zinazokwenda kwenye sanduku.

La pili ni zito zaidi. Ukiondoa marudio, umebaki na nakala moja ya kila kipande. Kikiharibika, kila bekapu inayokitegemea, iwe ya jana au ya mwaka jana, imeumia. Ndiyo maana kanuni ya 3-2-1 haijazeeka: nakala 3, kwenye aina 2 za vyombo, 1 ikiwa nje ya jengo. Ile diski ya Luthuli haikurudi dukani. Inasasishwa kila wiki na kulala kwenye sefu ya tawi lingine.

Kandarasi yangu iliongezwa. Madam hajawahi kuniuliza cheti, lakini kila mwisho wa mwezi ananipa jina la faili moja na kusema, "Nirudishie hii."

Wewe je? Jumatatu ukifika kazini, fungua dashibodi usome uwiano. Ukiwa karibu na 1, unajua pa kuanzia. Kisha chagua faili moja, irejeshe, uone kama inafunguka.