Kung'oa, Kubandua au Kugandua? Vitenzi vya Fundi wa Kompyuta

Tumezoea, tunapojadili istilahi, kuzijadili nomino peke yake. Kifaa kipya kinapoingia nchini, swali la kwanza huwa ni jina lake, na jina likishapatikana kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Vitenzi huachwa vijitafutie njia. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba kitenzi kisichofaa chaweza kuleta hasara kubwa kuliko nomino isiyofaa, kwa kuwa nomino humtajia msomaji kitu, ilhali kitenzi huuongoza mkono wake. Mfano nitakaoutumia ni mdogo sana: jinsi ya kukitenganisha kichakataji cha kompyuta na kipozajoto kilichogandamana nacho.

Sababu ya kuuchagua mfano huu ni kwamba kosa lilikuwa langu. Miaka michache iliyopita niliombwa kufasiri mwongozo mfupi wa matengenezo ya kompyuta kwa ajili ya shule moja ya sekondari iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mahali fulani niliandika hivi: "Legeza skrubu zote nne, kisha ng'oa kipozajoto." Mwalimu mmoja, mtu mwangalifu na mwenye mkono mtulivu, aliufuata mwongozo ule neno kwa neno asubuhi moja ya mwezi wa Julai. Kipozajoto kilikataa kutoka, akakaza mkono. Mara kikatoka kwa kishindo, na kichakataji kikiwa kimening'inia chini yake huku pini zake kadhaa zimelala upande. Nilipokwenda kumtazama alinisalimu kwa heshima, akanipa kiti, kisha akasema: "Mzee wangu, karatasi yako imesema ng'oa, nami nimeng'oa." Sikuwa na la kujibu.

Ili tuone kosa lilikuwa wapi, hapana budi kwanza tueleze vitu vyenyewe.

Kichakataji ni kile kipande bapa ambamo hesabu zote za kompyuta hufanyika. Neno lenyewe limetoka kwenye kitenzi chakata, ambacho wafanyakazi wa mashamba ya mkonge walikijua zamani, kwani majani ya mkonge huchakatwa ili nyuzi zipatikane. Na sasa tunachakata data. Wapo wasemao prosesa, na sioni ubaya, lakini kichakataji kina faida ya kujieleza. Kifaa hiki ni kidogo, wastani wa sentimeta 4 kwa 4, nacho chaweza kutumia umeme wa wati 65 au zaidi, yaani kama ile balbu ya zamani ambayo hakuna aliyethubutu kuishika ikiwa inawaka. Joto lote hilo lazima liondolewe, ama sivyo mashine itajizima. Ndiyo maana juu yake hukazwa kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi, na juu ya mapezi hayo feni. Mafundi wengi hukiita chote feni, jambo linaloleta utata, maana mtu akiambiwa asafishe feni atasafisha panga tu na kuyaacha mapezi yaliyojaa vumbi. Mimi natumia kipozajoto.

Kati ya kichakataji na kipozajoto hupakwa dutu laini, nyeupe au ya kijivu, iliyotengenezwa kwa mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga wa oksidi ya zinki au wa alumini. Kazi yake ni kujaza vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, kwa sababu hewa ikibaki humo huzuia joto kupita. Dutu hii si gundi. Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa nimeiona ikiitwa gundi ya kompyuta hata katika karatasi za mafunzo, na mtu anayeamini kwamba vitu viwili vimegundishwa hutafuta nguvu ya kuvipasua. Grisi ni neno la karibu zaidi. Fundi wa gari anajua kwamba grisi si ya kushikiza bali ni ya kulainisha, ingawa ikizeeka hukauka na kushika.

Na hapa ndipo mahali penyewe panapoingia katika habari hii. Mji wa Arusha uko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai asubuhi zake ni za baridi na ukungu unaoshuka kutoka Meru. Mtu akileta chupa ya mafuta ya nazi kutoka Tanga, ambako humiminika kama maji, ataamka Arusha aikute imekuwa nyeupe na ngumu, kwa maana mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Grisi ya kipozajoto haifanani na mafuta ya nazi kwa kila jambo, lakini nayo huwa nzito inapopoa, na ikiwa imekaa miaka mingi mafuta yake yamekwisha kupungua na unga ukabaki. Tena udongo wa upande wa Ngaramtoni na Oldonyosambu ni wa majivu ya volkano (Meru ulitoa moto mara ya mwisho mwaka 1910), na vumbi lake wakati wa kiangazi ni laini kama unga wa sembe. Huingia katika kila mashine. Kwa hiyo kompyuta za huku hufunguliwa na kusafishwa mara nyingi, na aghalabu kazi hiyo hufanywa asubuhi, kabla wanafunzi hawajaingia, wakati mashine ikiwa baridi kabisa. Huo ndio wakati mbaya kuliko yote.

Sasa tuvitazame vitenzi. Kung'oa ni kutoa kwa kuvuta kile chenye mizizi: jino hung'olewa, kisiki hung'olewa, msumari hung'olewa. Mwelekeo wa mkono ni juu, na nguvu huongezwa kadiri kitu kinavyokataa. Kwa kipozajoto mwelekeo huo ndio hasa uletao maafa. Uso mmoja bapa ukiwa juu ya mwingine, na kati yao pana utando mwembamba wa grisi nzito usio na hewa, hewa ya nje huvigandamiza pamoja. Hapa Arusha, katika uso wa sentimeta 4 kwa 4, mgandamizo huo waweza kufikia uzito wa kilo 14. Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, ungekuwa kilo 16 na nusu. Anayevuta juu hushindana na uzito huo, na juu yake ukaidi wa grisi yenyewe. Lakini nyuso hizo hizo zikitelezeshwa, moja ikipita juu ya nyingine, ukinzani ni mdogo zaidi. Kila mama aliyepanga sahani za bati zilizolowa maji analijua jambo hili: hazivutwi, huteleshwa.

Kubandua ni kinyume cha kubandika, na hudokeza kitu chembamba kinachonyanyuliwa kuanzia pembeni, kama stempu au plasta. Msomaji akiambiwa abandue atatafuta bisibisi aichomeke pembeni ili anyanyue, na hivyo ataukwaruza ubao mama na pengine kuzikata njia zake za umeme. Kuchomoa kwafaa plagi na waya. Kunasua ni kwa kilichonaswa mtegoni. Kukwamua ni kwa kilichokwama, nacho kilichokwama hakikushikwa na dutu yoyote, bali kimezuiwa, kama gari katika matope ya masika barabara ya kwenda Ngarenanyuki.

Linabaki gandua. Ni neno la zamani, limo katika kamusi zetu, na maana yake ni kutoa kilichoganda kwenye kitu kingine. Sifa yake ni kwamba ndani yake mna ganda, na kila mpishi anajua kwamba kilichoganda hulainishwa kwanza kwa joto ndipo kitolewe. Neno lenyewe laeleza dawa. Lau ningaliandika "gandua", nadhani mwalimu yule angalijiuliza la kufanya kabla ya kukaza mkono.

Hata hivyo gandua halimwambii msomaji namna ya kuzungusha. Nilijaribu zungusha, lakini zungusha ni duara kamili, ambalo haliwezekani kwa kuwa vishikizo vya pembeni huzuia. Tikisa ni hatari, maana huinamisha kifaa huku na huku, nazo pini huelemewa. Neno nililoridhika nalo ni pekecha, ule mwendo wa kwenda na kurudi wa kijiti baina ya viganja. Wazee wa Kimasai na Kiarusha wanapowasha moto wa sherehe za rika kwa vijiti, hicho ndicho wakifanyacho. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili, ananipinga, asema kupekecha kuna kasi na fujo. Ana haki kiasi. Kwa hiyo hufuatisha neno polepole na kutaja kipimo, nyuzi 5 au 10 za mzunguko, si zaidi.

Basi utaratibu wenyewe, kwa lugha ninayoipendekeza, ni huu. Washa kompyuta na uipe kazi nzito kwa dakika 10 hadi 15 ili grisi ipate joto. Izime, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza swichi ya kuwashia ili umeme uliosalia uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha ili mwili wako uondokwe na umeme tuli. Chomoa waya wa feni. Legeza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata pembe zinazokabiliana, au fungua kishikizo. Shika kipozajoto sawasawa, kipekeche polepole kushoto na kulia bila kukiinua, mpaka usikie kimelegea; kisha kitelezeshe kidogo upande, ndipo ukiinue. Ikiwa mashine imekufa haiwezi kuwashwa, tumia mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache ukielekeza hewa ya moto kwenye chuma. Moto wa jiko au wa kibiriti usitumike kamwe.

Kichakataji kikitoka pamoja na kipozajoto, mtu asikivute. Kipozajoto kilazwe kichwa chini, pini zikitazama juu, na matone machache ya alkoholi ya isopropili yawekwe kwenye ukingo, yaachwe yapenye. Kisha kichakataji kishikwe kwa kingo zake mbili na kusukumwa upande, bila vidole kugusa pini. Uzi wa kusafishia meno, ukipitishwa katikati ya nyuso mbili kwa mwendo wa msumeno, hufanya kazi nzuri, maana ni mwembamba wala haukwaruzi. Pini iliyolala hunyoshwa kwa ncha tupu ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, ya milimita 0.5 au 0.7. Wakati wa kukirudisha, wenzo wa soketi uinuliwe kwanza, alama ya pembetatu ilingane na ya soketi, nacho kichakataji kidondoke chenyewe kwa uzito wake. Kikihitaji kusukumwa, kuna pini isiyonyooka. Grisi ya zamani ifutwe kabisa, na mpya iwekwe kiasi cha punje ya mchele au njegere.

Yafaa niongeze kwamba hatari ya pini kung'oka haipo katika mashine zote. Intel tangu soketi yake ya mwaka 2004 yenye migusano 775, na AMD tangu soketi ya AM5 ya mwaka 2022, zimezihamishia pini kwenye soketi, na kichakataji hushikwa na fremu ya chuma. Lakini soketi ya AM4, ambayo vichakataji vyake vina pini 1,331, ingali imejaa katika maofisi na mashule yetu. Mabadiliko haya yana somo la istilahi pia. Mafundi wa redio walizoea kuziita pini "miguu", nalo lilikuwa neno zuri maadamu miguu ilikuwa ya kichakataji. Sasa miguu imehamia kwenye kiti. Ndiyo maana nabaki na pini, neno lisilojali liko upande gani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini haya hayakufikiriwa mapema. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na hivyo lugha yake haikupata nafasi ya kukua mikononi mwa watu. Ilipofika mwaka 2004, na Jambo OpenOffice ikatolewa kwa Kiswahili, juhudi za wataalamu zilielekezwa kwenye yale yanayoonekana katika skrini: faili, menyu, hifadhi, futa. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na ilifanywa vyema. Mwenye bisibisi, ambaye hafungui faili bali hufungua kasha, aliachwa na lugha ya mitaani, na wafasiri kama mimi tukamwongezea makosa.

Kichakataji cha shule ile kiliokolewa. Pini saba zilinyoshwa, hakuna iliyokatika, na karatasi yangu ikachapwa upya. Neno moja tu bado linanisumbua, nalo ni jina la ile dutu. Grisi ni ya magari, na karani wa ununuzi akiliona katika orodha huenda akaagiza kopo la kilo 5 la grisi ya bearingi. Nimefikiria grisijoto, kwa kufuata mfano wa kipozajoto, lakini sijaisikia ikitamkwa na fundi hata mmoja. Walio Tanga, Zanzibar, Mombasa au Kisangani na wanaosikia neno jingine likitumika mezani kwa mafundi wanaombwa waliandike na kulileta, pamoja na sentensi kamili ambamo lilisikika.