Njia za Shahada Zinazomfikisha Kijana kwenye Ualimu wa Sekondari

Kijana wa Tingi, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, anayekusudia kuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada huanza kuijenga njia yake kabla ya kufika chuo kikuu, kwa kuwa tahasusi ya kidato cha tano, yaani mchanganyiko wa masomo anayobobea, ndiyo huamua atakachoweza kufundisha baadaye. Aliyesoma Historia, Kiswahili na Kiingereza hawezi kuomba nafasi ya ualimu wa Fizikia, hata awe na ufaulu wa juu kiasi gani.

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, ambapo A ina pointi 5 na E ina pointi 1, mwombaji anayetoka kidato cha sita hutakiwa kuwa na jumla ya pointi zisizopungua 4 katika masomo mawili, nayo kozi za ualimu huyataka yawe masomo ya kufundishia, yaani yanayofundishwa shuleni. Akishavuka hapo, hukuta aina mbili za shahada. Ya kwanza ni shahada ya sanaa au sayansi pamoja na elimu, ambamo masomo ya kufundishia hubeba uzito mkubwa. Ya pili ni shahada ya elimu yenyewe, ambayo huzama zaidi katika saikolojia, mitaala na upimaji, na huwafaa pia wanaotarajia kuwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Zote hutolewa katika vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilivyoanzishwa mwaka 2005, yaani DUCE kilichopo Chang'ombe na Mkwawa kilichopo Iringa.

Kwa kawaida masomo huchukua miaka 3, na ndani yake mna mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanachuo hupelekwa shuleni, huandaa azimio la kazi na andalio la somo, kisha hufundisha huku mhadhiri akimpima. Mwalimu mwenye stashahada ambaye hawezi kuacha kituo chake cha kazi anaweza kujiendeleza katika Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1994 na chenye kituo Songea.

Hata hivyo, shahada haimalizi safari, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliweka sharti la usajili au leseni kwa anayefundisha, na sheria ya mwaka 2018 ikaunda Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ili kusimamia usajili na maadili ya taaluma. Ajira serikalini nayo ni hatua nyingine, yenye ushindani wake.

Kwa hiyo wazazi na walimu wa sekondari wawasaidie vijana kupima tahasusi mapema, wakiwa bado kidato cha nne, kwani kosa la hapo ni gumu kurekebishwa chuoni.