Protini Hainakiliki, DNA Hunakilika

Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha haraka cha malaria hautokani na wekundu wa damu ya mgonjwa. Katika vipimo vingi rangi ile ni dhahabu: chembe ndogo mno zilizobebeshwa kingamwili. Protini ya kimelea ikiwamo kwenye damu, chembe hizo huishika, kisha hunaswa na kurundikana mstarini mpaka jicho lizione. Zikinaswa chache, jicho halioni kitu, na mgonjwa huambiwa hana malaria.

Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, waliivisha dhahabu vazi jingine: nyuzi fupi za DNA. Katika DNA, A hushikana na T, na G na C, kwa hiyo anayepanga herufi ndiye anayeamua nani amshike nani. Chembe za nanomita 13 zikitawanyika majini, maji huwa mekundu. Ukitiwa uzi wa DNA unaozifunga pamoja, maji hugeuka zambarau mbele ya macho yako.

Kupata protini ndiko kugumu. DNA ikiwa kiduchu huzidishwa kwa PCR, ileile tuliyoizoea wakati wa UVIKO-19, lakini protini hainakiliki. Mwaka 2003 Jwa-Min Nam, Shad Thaxton na Mirkin walilikwepa tatizo hilo kwa ujanja ambao mimi nauhesabu bora kuliko vyote katika fani hii. Waliitafuta PSA, protini inayopimwa kwa ajili ya saratani ya tezi dume. Punje za sumaku zenye kingamwili ziliinasa upande mmoja. Upande wa pili ikashikwa na chembe za dhahabu, kila moja imebeba mamia ya nyuzi za DNA. Sumaku ikavuta mzigo wote pembeni, kisichoshikwa kikaoshwa, nyuzi zikafunguliwa na kunakiliwa. Ni kama kumfunga paka kengele: humtafuti tena gizani, unasikiliza mlio. Waliweza kugundua takribani molekuli mbili za PSA kwa kila mikrolita, yaani katika sehemu moja ya elfu ya mililita.

Faida yake iko wazi kwa mwanamume aliyeondolewa tezi dume. PSA yake hushuka hadi vipimo vya kawaida visiione, na ikianza kupanda tena huenda saratani imebaki mahali. Kadiri kupanda huko kunavyoonekana mapema, ndivyo daktari anavyopata nafasi.

Lakini kengele hulia hata bila paka. Chembe ya dhahabu iliyoganda kwenye ukuta wa kijichupa, bila PSA yoyote, nayo huachia DNA yake yote, kwa hiyo kuosha vibaya ni kuzidisha uongo. Na hata uoshaji ukiwa safi, kuna swali la kile kinachotafutwa. HRP2, protini ambayo vipimo vingi vya malaria huitegemea, hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ongeza makali ya kipimo, na aliyekwisha kupona ataendelea kuambiwa anaumwa. Eritrea nako kumepatikana vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2. Hapo hakuna dhahabu wala DNA itakayosaidia, na Shirika la Afya Duniani hushauri kubadili kipimo pale upungufu huo unaposababisha zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa kukosewa.