Mbwa Akianguka Kifafa, Usikimbilie Panga

Ndugu zetu wa vikundi vya Magogoni na kwingineko, mara hii twazungumza habari za mbwa. Wako watakaocheka: maji ni shida, karo ni shida, bei ya unga haishikiki, halafu mwatuletea mambo ya mbwa? Hebu ngojeni kidogo. Katika nyumba nyingi za huku Kisauni mbwa ndiye askari wa usiku. Ndiye anayewafuata watoto wakitumwa dukani, na ndiye anayemjua mgeni kabla hajapiga hodi. Siku akianguka uani, akatoa povu na miguu ikapigapiga hewa, nyumba nzima hutaharuki. Mmoja alia, mwingine akimbilia ndoo ya maji, na jirani yuaja na panga akisema huyo ana kichaa, auawe.

Pengine kweli ana kichaa. Pengine ni kifafa, na baada ya nusu saa angesimama akatikisa mkia. Yafaa kujua tofauti, kwa sababu ukikosea upande mmoja wamwua mbwa asiye na hatia, na ukikosea upande wa pili waweza kumpoteza mtoto.

KIFAFA CHENYEWE

Ubongo wa mbwa, kama wetu sisi, hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita humo ndani. Umeme huo ukivurugika ghafla, mwili hautii tena. Mbwa hukakamaa, huanguka ubavu, miguu huenda kama ya anayekimbia, meno hugongana, mate hugeuka povu, na mara nyingi hujikojolea. Hutoa hata sauti ya kutisha, lakini wakati huo hana fahamu, hajui lolote. Kwa kawaida yote huisha kwa dakika moja au mbili. Kwa anayetazama ni kama saa nzima, kwa hiyo angalia saa, usikisie.

Mara nyingi humpata akiwa amelala au amepumzika. Wengine huonyesha dalili kabla: wanahangaika, wanajificha, au wanakuganda miguuni bila sababu. Baadaye huwa kama mlevi. Apepesuka, agonga ukuta, haoni vizuri, ana njaa na kiu, na pengine hamtambui hata yule ampaye chakula kila siku. Hali hii yaweza kwisha kwa dakika chache au ikachukua siku nzima. Hapo ndipo watu wengi huumwa, maana wanamkumbatia kwa huruma na yeye hajui ni nani amshikaye.

Si pepo, wala si jini aliyetumwa na jirani. Zamani mtoto akishikwa na mishtuko ilisemwa ni dege wa usiku amempitia, na neno degedege lingali latukumbusha hivyo. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kwa mbwa na kwa mtu, na povu la mwenye kifafa haliambukizi kifafa.

AKIWA CHINI

Ondoa watoto kwanza. Kisha sogeza jiko la makaa na chochote kinachoweza kumwumiza. Ikiwa yuko karibu na kisima au shimo la choo, mvute pole pole kwa nyuma ukitumia gunia au leso nzito, mbali na kinywa chake. Zima redio. Basi, hapo ngoja.

Usitie mkono wala kijiko kinywani. Mbwa hamezi ulimi wake, hilo ni neno la watu tu. Usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya majivu, kwa maana hawezi kumeza na vitu hivyo vitaingia mapafuni, na huenda akafa kwa dawa yako badala ya ugonjwa wake. Kumnusisha kiatu au kitunguu hakusaidii. Kumchapa ndiyo kabisa!

Mishtuko hupandisha joto la mwili, na joto letu la pwani mwalijua. Ikiendelea, mlowanishe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida na umpepee. Akizinduka, mwache kivulini penye utulivu, na umpe maji kidogo akishaweza kusimama na kumeza.

Ikipita dakika 5, au ikija mara mbili na zaidi kwa siku moja, usingoje kesho. Tafuta daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

JE, NI KICHAA?

Hili ndilo swali la jirani mwenye panga, na si swali la kipuuzi. Kichaa cha mbwa kiliandikwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, na mpaka leo kingali chaua. Mnamo 2014 serikali ilitoa mpango wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia 2030. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa huwa wameambukizwa na mbwa, na watoto ni wengi miongoni mwao. Dalili zikishamtokea mtu, ni vigumu mno apone.

Tofauti kubwa ni hii: mwenye kifafa hurudi. Kesho yake anakula, anakunywa, anakuja akiitwa, ni yule yule. Mwenye kichaa harudi. Siku hata siku yuazidi. Tabia imebadilika: mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole ajabu. Sauti ya kubweka si yake. Yuauma vijiti, mawe, mnyororo. Taya lalegea, mate yamwagika kwa sababu hawezi kumeza, kisha miguu ya nyuma yakataa. Kwa kawaida hufa katika siku 10 tangu dalili kuonekana. Mishtuko yaweza kuwamo pia, ndiyo maana mara ya kwanza usijipe uhakika, hasa kama hana kadi ya chanjo au ni mbwa usiyemjua.

Ukimshuku, mfungie chumbani au kwenye banda bila kumgusa, na utoe habari kwa afisa wa mifugo, kwa chifu au polisi. Sheria yetu ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365, yamtaka mwenye mnyama afanye hivyo. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kichaa huthibitishwa kwa kupima ubongo. Mkimponda kichwa kwa rungu kisha mkamchoma moto, mmeteketeza ushahidi, na aliyeumwa hatajua kamwe.

Mtu akiumwa, au mate yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 nzima. Usifunge jeraha kwa ugoro, pilipili wala jiwe la nyoka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa aweza kuchunguzwa siku 10, lakini sindano za mtu hazingojei siku hizo ziishe.

Kinga ni chanjo, ya kwanza mbwa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tangu 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Mtu mmoja akienda kumwomba afisa aje Magogoni kwa mbwa mmoja, huenda akazungushwa. Kikundi kikienda na orodha ya mbwa 40 na siku iliyopangwa, ni habari nyingine. Kadi zikae kwa katibu, zisikae mifukoni zikafuliwa na nguo.

SABABU NYINGINE

Si kila mshtuko ni kifafa au kichaa. Mbwa aliyekula dawa ya panya, au aliyelamba dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, aweza kutetemeka, kudondoka mate na kuanguka. Chukua chupa au pakiti uende nayo kwa daktari. Mtoto wa mbwa mwenye tongo machoni, kamasi, kikohozi na kuhara, kisha akaanza mishtuko, huenda ana distempa, ugonjwa ambao nao una chanjo. Jike anyonyeshaye aweza kuishiwa na madini ya chokaa mwilini akakakamaa, na huyo akidungwa sindano mapema hupona upesi. Kifafa cha kuzaliwa nacho huanza zaidi kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa wa namna hiyo asizalishwe, maana hupitisha kwa watoto.

KUISHI NAYE

Weka daftari: tarehe, saa, dakika ngapi, alikula nini siku ile. Daftari hilo lamsaidia daktari kuliko maelezo marefu ya kukisia. Akianguka mara moja kwa mwaka huenda asihitaji dawa. Ikiwa ni mara kwa mara, dawa inayotumika sana ni fenobabitoni, ile ile wanayopewa watu, lakini kwa kipimo cha daktari wa mifugo, kila baada ya saa 12. Juma la kwanza au mawili atalala sana, atakunywa maji na kula kupita kiasi. Msiikate ghafla kwa kuona amepona, kwani kuikata kwenyewe huleta mishtuko mibaya zaidi. Na tafadhali, kina mama na kina baba, tembe za mtoto mwenye kifafa asigawiwe mbwa. Mtoto akikosa kipimo chake ataanguka yeye.

Dawa si lazima imalize yote. Mbwa aliyekuwa akianguka kila juma akianguka mara moja kwa miezi kadhaa, hayo ni mafanikio. Lakini wako ambao dawa haiwatoshi, au gharama yaishinda nyumba, na mishtuko yafuatana bila kupumzika. Hapo daktari wa mifugo ana sindano ya kumlaza pasipo maumivu, na kuichagua si ukatili. Watoto waambiwe ukweli kabla hajaja daktari, wapate kumuaga mbwa wao.