Kupewa Daraja: Maana Yake ni Nini?



Katika semina za viongozi swali moja hurudi kila mara: kati ya padre, katekista na mwenyekiti wa jumuiya, nani amewekwa wakfu na nani amechaguliwa tu? Si maneno matupu haya. Mwenyekiti akidhani ametawazwa, hataki kutoa hesabu wala kuachia kiti. Na akija mtu sokoni amevaa kola, ati yeye ni askofu, anataka pesa za maombi, twapaswa kujua la kumwuliza. Hebu basi tuyaangalie maneno yenyewe.

DARAJA. Neno hili limetoka Kiarabu: kipandio cha ngazi, na pia cheo. Kanisa lilitumia neno hili badala ya "ordo" la Kilatini, yaani safu au kundi la watu wa kazi moja. Kwa hiyo anayepewa daraja hajiinui mwenyewe. Anaingizwa katika safu ya waliomtangulia. Daraja Takatifu ni tatu. Shemasi, neno la Kiarabu, ni mtumishi. Padre, la Kireno, ni baba. Askofu limetoka Kigiriki kupitia Kiarabu, nalo ni mwangalizi. Hakuna hata moja lenye maana ya bosi!

WAKFU. Kwa Waislamu wa pwani, wakfu ni mali iliyotengwa kwa ajili ya Mungu, kama shamba la msikiti: haliuzwi wala halirithiwi. Basi mtu aliyewekwa wakfu si mali yake mwenyewe tena.

KUWEKEWA MIKONO. Hii ndiyo alama tangu Mitume (Mdo 6:6, 1 Tim 4:14). Askofu humwekea mikono na kusali. Mafuta na mavazi hufuata.

KUSIMIKWA. Tunasimika nguzo mahali pake. Askofu huwekwa wakfu mara moja tu, lakini aweza kusimikwa zaidi ya mara moja. Marehemu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, mwana wa Ukamba, aliwekwa wakfu na Papa Paulo VI mjini Kampala tarehe 1 Agosti 1969, awe askofu wa Machakos. Baadaye alihudumu Nakuru, halafu Nairobi, bila kuwekwa wakfu tena. Vivyo hivyo, Papa Fransisko alipoanzisha Jimbo la Wote mwaka 2023, kwa kulimega Jimbo la Machakos, alimleta Askofu Paul Kariuki Njiru, ambaye alikuwa askofu wa Embu tangu 2009.

Hapa kwetu Ukambani wazee nao walikuwa na hatua zao: nthele, nzama, mpaka wazee wa ithembo. Kupanda hatua kulidai mbuzi au ng'ombe wa kuliwa na wazee. Wengine hufikiri mambo ya Kanisa ni hivyo hivyo. La, sivyo. Simoni mchawi alitaka kununua uwezo wa kuwekea watu mikono, Petro akamkemea vikali (Mdo 8:18-20). Daraja hainunuliwi.

Je, katekista? Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka rasmi huduma ya katekista katika Kanisa lote. Ni huduma ya heshima, lakini ni ya mlei, si daraja. Na mwenyekiti wa jumuiya au wa kamati ya maji? Huyo amechaguliwa na watu, kwa muda. Muda ukiisha, anakabidhi vitabu na funguo.

Wala tusiseme padre hana wa kumwuliza. Sheria ya Kanisa inataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wampe askofu hesabu kila mwaka. Daraja humpa mtu uwezo wa kutuadhimishia Misa. Haimpi ruhusa ya kuficha daftari.

Kwa hiyo akija mgeni na kola yake, mwulizeni kwa adabu: Baba, nani alikuwekea mikono? Umetumwa na askofu gani? Padre wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Viongozi wetu waliingiaje, na muda wao unaisha lini?
2. Mara ya mwisho kusomewa hesabu ilikuwa lini?
3. Tufanye nini mtu akitudai pesa kwa jina la Mungu?