Vitabu Vitatu vya Kusomwa Nyumbani

Tukizunguka leo katika nyumba za Wakristo wa Karavia, upande ule wa mji wa Lubumbashi penye ziwa, twaona vitu vingi ambavyo babu zetu hawakuvijua. Televisheni ipo sebuleni, simu ziko mikononi, viti vya wageni vimepangwa vizuri. Lakini tukiuliza, «Vitabu viko wapi?» mara nyingi twaonyeshwa madaftari ya watoto wa shule, na labda kitabu cha nyimbo za kanisani. Mtoto husoma shuleni kwa sababu mwalimu anamtazama. Akirudi nyumbani haoni mtu mzima hata mmoja ameshika kitabu. Basi hujifunza, pasipo kuambiwa na mtu, ya kwamba kusoma ni kazi ya watoto, nayo huisha siku ile ya kupata diploma.

Lakini kuna vitabu vinavyomhitaji baba na mama kuliko mwanafunzi. Leo twataka kuongea habari za vitabu vya aina tatu: kitabu cha kuchekesha, kitabu kinachofundisha namna ya kungoja mtoto, na Biblia. Msomaji aweza kuuliza, «Vitu hivi vina undugu gani?» Undugu wao ni huu: vyote vitatu hufaa kusomwa kwa sauti, na watu wawili au zaidi pamoja. Anayevisoma peke yake pembeni hupata nusu tu ya faida yake.

1. Kitabu cha kuchekesha

Wako wazazi wanaodhani kwamba kicheko huondoa heshima ya nyumba. Baba akiingia, watoto hunyamaza. Na yeye huona fahari kwamba anaogopwa. Kumbe ameijenga nyumba ambamo mtoto mwenye shida hatathubutu kumwambia neno.

Mtakatifu Yohane Bosco hakufanya hivyo. Alipokuwa kijana kijijini kwao Becchi, nchi ya Italia, alijifunza michezo ya kurukaruka na kutembea juu ya kamba ili awakusanye wenzake. Walipokwisha kufurahi, aliwasimulia mahubiri aliyoyasikia kanisani. Tena alipokuwa padre, mwaka 1853, alianzisha vijitabu vya bei ndogo, vilivyotoka kila mwezi, kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi. Alijua kwamba maskini naye ana haki ya kuwa na kitabu mkononi. Wanawe Wasalesiani walifika katika mji wetu, ulioitwa wakati ule Elisabethville, mwaka 1911, na shule zao zimelea vijana wengi wa hapa.

Katika Kongo vitabu vya kuchekesha juu ya familia si kitu kigeni. Katika miaka ya 1950 gazeti la picha lililoitwa Nos Images, lililotolewa na idara ya habari ya serikali ya kikoloni, lilikuwa na hadithi za picha za bwana mmoja jina lake Mbumbulu, na mkewe, na watoto wao. Mwaka 1956 hadithi mia moja za familia hiyo zilikusanywa kuwa kitabu kimoja. Watu walicheka. Lakini tukizitazama leo twaona kwamba waliozitunga walikuwa na shabaha yao: kumfundisha Mwafrika aishi kwa kufuata mfano wa Mzungu, hata katika kula na kukaa nyumbani. Kicheko kilitoka juu kikashuka chini.

Kundi la michezo la Mufwankolo, hapa hapa Lubumbashi, lilifuata njia nyingine. Wao waliigiza kwa Kiswahili cha mji wetu, kama kinavyosemwa sokoni na uani, na mambo yao yalikuwa yetu: mume na mke, ndugu wanaokuja kukaa, fedha zisizofika mwisho wa mwezi. Watu waliwasikia redioni, wakawaona katika televisheni, na kila mmoja alijitambua mwenyewe. Mtaalamu wa mila za watu, Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha hapa, aliandika kitabu kizima juu ya mchezo waliouandaa mwaka 1986. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Basi kama mtaalamu kutoka mbali ameona kwamba kicheko chetu chastahili kuandikwa, mbona sisi wenyewe twakiacha kipotee?

Hivyo twashauri jambo rahisi. Mbali na kununua kitabu cha hadithi za kuchekesha, nunueni daftari moja la shule, liwe daftari la kicheko cha nyumba. Mtoto mdogo akisema neno la kuchekesha, liandikwe pamoja na tarehe. Mfano ni huu. Baba mmoja aliuliza, «Nani amekula nyama chunguni?» Mtoto akajibu, «Baba, ni paka.» «Je, paka aliweza kufunua kifuniko?» «Ndiyo, baba. Na alipokwisha kula, akakirudisha.» Baba yule alikuwa amekwisha kuinua mkono, alicheka, mkono ukashuka, na kosa likaonywa kwa maneno yaliyoingia moyoni. Baada ya miaka ishirini daftari kama hilo litakuwa mali kubwa.

Sheria ni moja tu: tucheke pamoja, tusimcheke mtu. Kumcheka mke mbele ya wageni, au mtoto aliyeshindwa mtihani, au bibi asiyejua Kifaransa, hiyo si furaha bali ni fimbo isiyoonekana.

2. Kitabu cha kungoja mtoto

Hapa twaomba akina baba wasifungue ukurasa mwingine. Mimba ikiingia nyumbani, wengi husema, «Hayo ni mambo ya wanawake.» Mke huenda kwa mama yake, kwa shangazi, kwa jirani, kila mmoja humpa shauri lake, na mashauri hayapatani. Mmoja amkataza mayai, mwingine ampa dawa ya miti ambayo hakuna ajuaye kipimo chake.

Jambo hili ni la uzima na kifo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika nchi yetu mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 846 walikufa kwa sababu ya mimba au uzazi. Maana yake ni mama mmoja kwa kila vizazi 118 hivi. Makadirio ya miaka ya karibuni yameshuka, lakini bado ni makubwa. Wenye elimu ya mambo haya husema mama hufa kwa ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Ucheleweshaji wa pili na wa tatu wahitaji barabara, magari, dawa na waganga. Lakini ule wa kwanza uko nyumbani mwetu, nao waweza kupunguzwa kwa maarifa. Mke anatoka damu usiku, mume hajui kama ni jambo dogo au kubwa, wanangoja asubuhi. Kitabu kingewaambia wasingoje.

Basi kitabu chema cha kungoja mtoto hufundisha nini? Kwanza, hesabu: mimba huchukua majuma 40 hivi tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Pili, kupimwa, yaani ile inayoitwa hapa kwetu CPN. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama aonane na waganga mara nane, na mara ya kwanza kabla majuma 12 hayajapita. Tatu, vidonge vya kuongeza damu, chandarua kila usiku, na dawa ya kuzuia malaria ambayo mganga huanza kuitoa mwezi wa nne. Nne, ishara za hatari, ambazo twataka kila baba azijue kwa kichwa: kutoka damu; kuumwa kichwa sana au macho kuona giza; kuvimba uso na mikono; degedege; homa kali; maumivu makali ya tumbo; maji kutoka kabla ya wakati; mtoto kuacha kucheza tumboni. Hata moja tu ikitokea, ni kwenda hospitali saa ile ile.

Tena kuna mambo ya nchi yetu ya Katanga, ambayo vitabu vya Ulaya havikuyawaza. Akina mama wengi wenye mimba hutamani pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni. Udongo huo waweza kuwa na sumu ya risasi, tena huizuia damu kupata chuma cha chakula. Afadhali tamaa hiyo aambiwe mkunga bila aibu. Na jambo jingine lawahusu akina baba. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mji wetu juu ya watoto waliozaliwa na kasoro za mwili. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini. Hatusemi kila mchimbaji atapata mtoto mwenye kasoro, la hasha. Wala asilaumiwe mtu anayetafuta chakula cha watoto wake. Lakini ni busara baba aoge, abadili nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani, na nguo zile za vumbi zisifuliwe na mke mwenye mimba. Je, bado kuna atakayesema kwamba mimba ni mambo ya wanawake tu?

Kitabu kilichowasaidia wengi katika Afrika ya Mashariki ni kile cha David Werner, kiitwacho kwa Kiswahili Mahali Pasipo na Daktari. Mwanzo wake kiliandikwa kwa Kihispania, kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Meksiko, kwa maneno mepesi na picha nyingi. Nacho kina sehemu juu ya mimba na uzazi. Asiyekipata amwombe mkunga wa kituo cha afya karatasi za mafundisho. Jambo kubwa ni kwamba mume na mke wasome pamoja, sura moja kila juma, kisha wapatane: tutazalia wapi? Nani atatusafirisha usiku? Fedha za safari tumeziweka wapi? Nani wa ukoo wetu yu tayari kutoa damu?

3. Biblia

Zamani katika nyumba nyingi za Wakatoliki ilisomwa Historia Takatifu, yaani hadithi zilizochaguliwa, na Biblia yenyewe ilikaa kwa padre. Mtaguso wa pili wa Vatikano, kwa hati iliyotolewa tarehe 18 Novemba 1965, uliagiza kwamba waamini wote wafunguliwe wazi mlango wa Maandiko Matakatifu. Na mwaka 2019 Papa Fransisko aliweka Dominika ya tatu ya mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Lugha yetu nayo ilikuwa tayari: Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilichapwa mwaka 1891, na baadaye zikaja tafsiri nyingine, hata zenye vitabu vyote 73 ambavyo Kanisa Katoliki huvisoma.

Wengi huanza ukurasa wa kwanza kwa juhudi, wakifika katika sheria za Walawi huchoka, na Biblia hurudi kabatini. Twashauri njia nyingine. Anzeni na Injili ya Marko: ina sura 16 tu, na familia huweza kuimaliza kwa siku 16. Kisha kitabu cha Mithali, chenye sura 31, sura moja kwa kila siku ya mwezi. Kisha Tobiti, habari ya familia iliyopatwa na umaskini na upofu, na mama aliyekuwa akiitazama njia kila siku akimngoja mwanawe.

Nyumba inayongoja mtoto isome sura mbili za kwanza za Luka. Humo mna wanawake wawili wenye mimba, mmoja mzee na mmoja kijana. Na kijana anafunga safari kwenda kukaa na mwenzake miezi mitatu hivi. Kumsaidia mjamzito kazi za nyumbani, kumchotea maji, kumwashia mbabula, ni tendo la Injili.

Na anayedhani kwamba Biblia haina kicheko asome kitabu cha Mwanzo, sura ya 17, ya 18 na ya 21. Abrahamu aliambiwa atapata mtoto katika uzee wake, akacheka. Sara alisikia akiwa hemani, naye akacheka moyoni, kisha akakana kwa hofu. Mtoto alipozaliwa aliitwa Isaka, na maana ya jina hilo ni «anacheka». Mama aliyecheka kwa kutosadiki alicheka tena kwa furaha. Hivyo kicheko, mimba na Neno la Mungu vilikutana katika hema moja tangu zamani.

Msemaji aweza kusema, «Kiswahili cha Biblia ni kigumu, sisi twasema Kiswahili cha Lubumbashi.» Ni kweli. Basi mtoto ajuaye kusoma na asome, baba aeleze kwa lugha ya nyumbani, na bibi, hata kama hajui herufi, atoe methali ya kwao inayofanana. Hapo kila mmoja amefundisha na kila mmoja amefundishwa.

Twajua vitabu ni ghali, nasi hatutaki mtu apunguze bukari ya watoto ili anunue karatasi. Lakini familia tatu za jirani zaweza kununua kila moja kitabu kimoja, na kupeana kwa zamu. Baada ya chakula cha jioni, televisheni izimwe nusu saa. Na umeme ukikatika, taa ndogo yatosha. Jumatano kicheko, Ijumaa kitabu cha afya, Dominika Biblia. Anzeni juma hili, kwanza kwenye nyumba yenye mama mjamzito, kwa maana yeye hawezi kungoja mwaka ujao.